Kutoka Mtwara au Lindi hadi kwa daktari bingwa: mwongozo kamili wa mgonjwa anayejisimamia

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu habari ile ile imekuwa ikinifikia kwa sura mbalimbali. Mtu amepanda basi Mtwara alfajiri, ameshuka Mbagala jioni, amelala kwa ndugu siku nne, ameonana na daktari bingwa kwa dakika chache, kisha amerudi nyumbani na agizo la kwenda kupiga kipimo fulani ndipo arejee. Nauli imekwenda na ugonjwa umebaki pale pale. Ukichunguza unakuta kilichokosekana ni karatasi moja tu, au swali moja ambalo lingeulizwa katika hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, kabla ya safari.

Katika safari nzima ya rufaa, kila mhudumu anaona kipande chake: wa maabara anaona damu, wa eksirei anaona picha, daktari wa mkoa anaona wiki mbili za mwanzo, na bingwa anaona siku ya leo. Aliyepita katika vyumba vyote hivyo ni mgonjwa pamoja na ndugu anayemsindikiza. Kwa hiyo kazi ya kuviunganisha vipande ni yenu, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya hilo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kaunta buku moja la kuandikia mambo ya ugonjwa peke yake. Usilichanganye na hesabu za duka wala madeni ya pembejeo.
- Faili la plastiki lenye kifungo au zipu.
- Kitambulisho cha NIDA au namba yake, kadi ya bima kama ipo, na kadi za kliniki za zamani.
- Nakala mbili za kila karatasi muhimu, pamoja na picha zake katika simu mbili tofauti.
- Dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwa katika pakiti zake.
- Msindikizaji mmoja wa kudumu, anayejua kusoma na asiyeona haya kuuliza.

Kuhusu plastiki sitanii. Mwaka 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya kuharibu barabara ya kusini, wapo waliokaa Somanga saa nyingi wakisubiri njia ipitike. Mimi nilikuwa na bahasha ya kaki mapajani, na nilipoifungua Dar es Salaam wino wa barua ya rufaa ulikuwa umegeuka ukungu wa buluu. Mhuri ulisomeka, jina la ugonjwa halikusomeka.

Msindikizaji awe yule yule kila safari inapowezekana. Familia zetu hupenda kupokezana, leo kaka, kesho binamu, na kila anayeingia anaanza upya bila kujua kilichosemwa mara iliyopita.

## Hatua ya 1: Andika historia ya ugonjwa katika ukurasa mmoja

Daktari bingwa atauliza lini ilianza, ilianza vipi, imebadilika vipi, umetibiwa wapi na kwa dawa gani. Mgonjwa mwenye maumivu, aliyekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, hujibu "siku nyingi" na "dawa nyingi". Majibu hayo hayamsaidii daktari kupima kasi ya ugonjwa, na kasi ndiyo inayomfanya aamue kukuita wiki hii au mwezi ujao.

Andika kwa mpangilio wa tarehe. Huu ni mfano wa ukurasa mzuri:

*Februari: uvimbe shingoni upande wa kulia, ukubwa wa punje ya korosho, hauumi. Aprili: umefikia ukubwa wa bibo dogo, sauti imeanza kukwaruza. Mei: kituo cha afya, antibayotiki siku saba, hakuna mabadiliko. Juni: ugali haupiti, uji na chai vinapita. Uzito: Februari kilo 64, Juni kilo 55. Dawa za kila siku: za presha. Dawa ya mitishamba: Aprili, wiki mbili, ya kunywa.*

Mistari hiyo michache inasomeka kwa nusu dakika, na daktari anaona mara moja kwamba chakula kigumu kimekataa huku majimaji yakipita, na kwamba kilo 9 zimeondoka katika miezi minne.

Kama mgonjwa ni mzee asiyekumbuka miezi, muulize kwa majira anayoyajua. Ilikuwa kabla ya palizi au baada? Tulikuwa tunapuliza salfa mikoroshoni? Mnada wa kwanza wa korosho ulikuwa umeshapita? Ukipata jibu, ligeuze kuwa mwezi na uliandike.

Onyo: usifiche dawa za mitishamba wala maombi yaliyoambatana na kuacha dawa za hospitali. Baadhi ya mitishamba huathiri ini, figo au kuganda kwa damu, na daktari anayetaka kukata uvimbe ni lazima ajue. Vivyo hivyo dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini ikiwamo, zitajwe kabla ya kipimo chochote cha kuchoma au kukata.

Utajua umefaulu pale mtu asiye wa familia atakaposoma ukurasa huo mara moja na kuweza kukusimulia ugonjwa bila kuuliza.

## Hatua ya 2: Pata barua ya rufaa iliyokamilika

Kabla ya kuitaja Dar es Salaam, uliza kama huduma unayohitaji ipo karibu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mitengo, Mtwara, na ilijengwa ili kupunguza safari hizi. Hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao nazo zinajulikana kwa watu wa kusini tangu enzi za babu zetu. Tangu 2024 kumekuwa pia na kambi za madaktari bingwa zinazopita katika hospitali za halmashauri. Kambi ni nafasi nzuri, ila hudumu siku chache, kwa hiyo usiondoke bila maandishi ya alichokiona bingwa na jina la hospitali itakayoendelea nawe baada ya kambi kufungwa.

Ikithibitika kwamba ni lazima uende taasisi ya juu, kama Muhimbili, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete au Taasisi ya Mifupa MOI, soma barua yako ya rufaa ukiwa bado katika jengo ulilopewa. Itazame kama ina jina lako sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho na bima, ugonjwa uliothibitishwa au unaoshukiwa, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, matibabu uliyopewa, sababu ya kupelekwa mbele, kliniki unayotakiwa kuiona, kisha jina la daktari, saini, tarehe na mhuri.

Jina ndilo linalowakwamisha wengi. Kwetu mtu anaweza kuitwa kwa jina la babu nyumbani, jina la ubatizo au la chuoni kwenye kadi, na jina la tatu kwenye NIDA. Dirishani watu watatu hao hawatambuliki kuwa mmoja. Rekebisha hapa hapa, kwa sababu kurekebisha ukiwa Upanga, Dar es Salaam, ilipo Muhimbili, ni kazi ya siku nzima.

Kuhusu bima, uliza maswali mawili: kadi hii inafika ngazi ya hospitali ninayopelekwa? Je, kuna kipimo au dawa inayohitaji kibali kabla ya kutolewa? CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, na nimeona watu wakiipeleka taifa kwa imani kubwa.

## Hatua ya 3: Kusanya majibu, picha na kinyama

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia.

Shangazi yangu alipelekwa Dar es Salaam akiwa na karatasi ya majibu ya siti skani iliyopigwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Bingwa aliisoma, akainua kichwa, akauliza, "Picha zenyewe ziko wapi, mama?" Shangazi akaonyesha karatasi ile ile. Aliyempiga picha alimpa maelezo bila diski, naye hakujua kwamba kuna diski. Kipimo kikarudiwa kwa pesa nyingine, na wiki mbili zikapotea.

Sababu ni kwamba karatasi ni maoni ya aliyeitazama picha, wakati daktari wa upasuaji anataka kuona mwenyewe uvimbe umegusa mshipa gani na mfupa gani. Kwa hiyo, kwa kila eksirei, altrasaundi, siti skani au MRI, omba vitu viwili: maelezo ya maandishi, na picha zenyewe katika filamu au diski. Diski ifunguliwe kwenye kompyuta yao kabla hujaondoka, kwani diski tupu imewahi kusafirishwa zaidi ya kilomita 550 ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa vizuri.

Kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe ili kichunguzwe kwa hadubini, kina uzito wa pekee, kwa maana matibabu ya saratani kwa kawaida hayaanzi kabla ya majibu yake. Kikichukuliwa, uliza kinapelekwa maabara ipi, kina namba gani, majibu yanatarajiwa lini, na nani wa kupigiwa simu yakichelewa. Andika yote hayo. Kinyama kisicho na mtu wa kukifuatilia hukaa, majibu yakatoka na kulala kabatini.

Wakati mwingine ndugu ndiye anayekabidhiwa kichupa akipeleke maabara mwenyewe. Ikiwa hivyo, zingatia haya:

- Majimaji yaliyomo ni fomalini, nayo ndiyo inayozuia nyama kuoza. Usiyamwage ukaweka maji, chumvi wala spiriti.
- Kipande kinapaswa kuogelea. Kipimo cha kawaida ni majimaji mara 10 ya ukubwa wa nyama. Ukiona kimebanana, rudi dirishani uulize.
- Kichupa kiandikwe jina, tarehe na sehemu ya mwili, ubavuni na si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana.
- Usikigandishe. Fomalini ni sumu, kwa hiyo kifungwe ndani ya mifuko miwili, mbali na chakula na watoto.

Majibu ya kinyama yakishatoka, fahamu kwamba maabara hubaki na kipande kilichofunikwa kwa nta pamoja na vioo vilivyotazamwa. Hospitali ya pili ikitaka kuhakikisha, inaweza kuviomba vitu hivyo badala ya kukukata upya. Ndiyo maana namba ya kinyama iandikwe kwenye jalada la daftari, mahali pa kuonekana.

Ukikuta mhudumu anasita kukupa nakala, usianze kwa ukali. Sema, "Naomba nakala ya majibu yangu, nayapeleka kwenye rufaa." Wengi watakupa. Akikataa, omba kumwona kiongozi wa kitengo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake binafsi, na taarifa za afya ni miongoni mwake.

Dokezo dogo linaloweza kukuokolea siku nzima: siti skani ya kuchomwa dawa ya rangi mara nyingi hutanguliwa na kipimo cha figo kiitwacho kreatinini. Muulize daktari wako kama unaweza kukifanya mkoani na kwenda na majibu mapya.

Utajua umefaulu pale kila kipimo kilichotajwa katika barua ya rufaa kitakapokuwa na karatasi yake, na picha yake kama ni cha picha, ndani ya faili.

## Hatua ya 4: Thibitisha siku kabla ya kukata tiketi

Kliniki za mabingwa huwa na siku zake. Piga simu ya mapokezi ya hospitali unayokwenda, au muombe daktari anayekupa rufaa awasiliane nao, ujue siku ya kliniki, saa ya kuandikisha na malipo ya kumwona daktari. Andika jina la aliyekujibu. Panga kufika siku moja kabla, maana mgonjwa aliyeshuka kwenye basi usiku na kupanga foleni alfajiri hawezi kujieleza.

Onyo: zipo hali zisizosubiri siku ya kliniki. Kushindwa kupumua, kutokwa damu nyingi, degedege, kupoteza fahamu, mdomo kwenda upande au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea ghafla, miguu kufa ganzi na kukosa nguvu kwa mgonjwa wa saratani mwenye maumivu ya mgongo: hayo yote ni ya kukimbilia hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo. Vilevile homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu anayepata kemotherapia, yaani dawa kali za saratani, hata kama anaonekana mzima.

## Hatua ya 5: Chumbani kwa daktari

Tumelelewa kumheshimu mganga na daktari, na heshima hiyo ni nzuri. Tatizo ni kwamba huwa tunaitoa kwa njia ya kukubali kila kitu. Daktari anauliza, "Umeelewa, baba?" Mzee anajibu, "Ndiyo, daktari," kisha nje ya mlango anamgeukia mwanawe: "Amesemaje?" Nimelisikia swali hilo kwenye korido nyingi mno, na aghalabu mwana naye alikuwa anaangalia simu.

Anza kwa salamu, toa ukurasa wako wa historia, kisha sema mapema: "Daktari, nina maswali machache nimeyaandika, naomba nafasi kabla sijaondoka." Ukisema mwanzoni, daktari atayatengea nafasi. Ukisubiri hadi amemwita mgonjwa mwingine, umechelewa.

Maswali yangu ninayoyaona ya lazima ni haya:

1. Ugonjwa wangu unaitwaje, na umefikia hatua gani? Naomba uniandikie.
2. Umethibitishwa na kipimo gani, au bado ni dhana?
3. Kuna njia zipi za matibabu, na nikichelewa mwezi mmoja itakuwaje?
4. Matibabu haya ni ya kuponya, au ni ya kupunguza makali?
5. Kipi kinaweza kufanyika Mtwara au Lindi ili nisije huku kila mara?

Swali la nne ni gumu kulitamka. Hata hivyo, familia inayouza shamba la mikorosho ili kulipia matibabu ina haki ya kujua inalipia nini.

La tano husahaulika kabisa. Mara nyingine dawa za kila mwezi, vipimo vya damu au kusafisha kidonda vinaweza kufanyika mkoani kwa maelekezo ya bingwa, lakini hakuna atakayekuandikia usipouliza.

Baada ya majibu, rudia kwa maneno yako: "Naomba nihakikishe kama nimeelewa. Kwanza nakwenda kuchukuliwa kinyama, halafu narudi na majibu tarehe 14, dawa ya presha naendelea nayo." Ukikosea, atakusahihisha hapo hapo. Katika maneno yote ya mwongozo huu, kama utakumbuka sentensi moja, iwe hiyo.

Mambo mawili yanahusu familia. Kwanza, wazee wengi wa kwetu hueleza maumivu vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua kuliko kwa Kiswahili. Wewe unayetafsiri, tafsiri alichosema, na usijibu kwa niaba yake. Mama akisema neno lenye maana ya kitu kinachotambaa ndani ya mguu, mwambie daktari kinatambaa. Usimpunguzie mama ukasema "mguu unauma", kwa kuwa kutambaa na kuuma humpeleka daktari kwenye magonjwa tofauti.

Pili, ile desturi ya kumkonyeza daktari ili asimwambie mgonjwa ukweli. Naielewa huruma iliyomo, ila mgonjwa aliyefichwa hawezi kukataa wala kukubali matibabu, na akishaanza kunyonyoka nywele atajua tu, tena kwa uchungu wa kudanganywa na wanawe. Muulizeni mwenyewe kabla ya siku hiyo: "Baba, majibu yakitoka, utapenda kuyasikia mwenyewe au tukusikilizie?" Wazee wengi wana jibu tayari.

## Hatua ya 6: Kabla hujatoka getini

Simama pembeni, fungua daftari, hakikisha una vitu vitatu kwa maandishi: jina la ugonjwa au dhana iliyopo, hatua inayofuata, na tarehe. Kama kimoja hakipo, rudi kwa sista wa kliniki ukiulizie sasa. Andika pia namba yako ya faili ya hospitali hiyo.

Onyo: malipo yote yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali au dirishani kwa risiti. Mtu wa koridoni anayeahidi kukupitisha mbele kwa pesa ya mkononi ni kishoka, hata akiwa amevaa koti jeupe.

## Hatua ya 7: Unapokwama

Pesa zikigoma, nenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali kabla deni halijawa kubwa, na uwe na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa wako inayoeleza hali yako. Upo utaratibu wa msamaha, ukiwamo wa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Barua hiyo ichukue ukiwa bado nyumbani, kwa sababu mtendaji wa Newala au Ruangwa hawezi kukugongea mhuri ukiwa Upanga.

Huduma ikikwama, panda ngazi kwa utulivu: muuguzi kiongozi wa kitengo, daktari kiongozi, kisha uongozi wa hospitali kwa maandishi. Taja tarehe, saa, chumba na kilichotokea, bila matusi na bila kukisia nia ya mtu. Daftari lako litakuwa shahidi mzuri kuliko sauti kubwa.

Ukitaka maoni ya daktari wa pili, hasa kabla ya kukatwa kiungo au kutolewa kizazi, mwambie wa kwanza waziwazi: "Kabla ya uamuzi mkubwa huu familia inaomba maoni ya pili, tunaomba nakala za faili." Hilo halimtukani. Ila jiwekee ukomo wa siku, kwa kuwa uvimbe hausubiri vikao vya ukoo viishe.

## Hatua ya 8: Ukirudi nyumbani

Ndani ya wiki moja peleka nakala ya maelekezo ya bingwa kwa daktari wa hospitali iliyokupa rufaa, kwani usiku ukizidiwa yeye ndiye utakayempata. Ikiwa kuna maumivu makali, mueleze kwa namba, kutoka 0 hadi 10, na uulize kuhusu mofini ya kunywa. Wengi huiogopa wakidhani ni dawa ya kufia, ilhali ni dawa ya maumivu inayotolewa kwa kipimo na kuongezwa au kupunguzwa kulingana na hali.

Tarehe ya kurudi ikiangukia miezi ambayo korosho bado haijalipwa, anza kutenga nauli mapema, au piga simu kliniki uombe tarehe nyingine. Kukosa kliniki bila taarifa kunaweza kukurudisha mwisho wa foleni.

Faili likae ndani, juu, mbali na mchwa na paa linalovuja, na angalau watu wawili nyumbani wajue lilipo.